Sindano ya Thelathini na Moja, Mara Mbili

Nina wiki tatu tangu nistaafu, na vijana wa ofisi ya Lodwar wamenipigia simu mara nne kuuliza nywila ya mashine niliyoizima mwenyewe kabla ya kuondoka. Kabla hawajapiga ya tano nimeona heri niandike. Vyeo sitavitaja. Nilipandishwa mara mbili, na mara zote mbili kazi ilibaki ile ile, ila kiti kipya kilikuwa na magurudumu. Nitaandika juu ya mwaka mmoja na nusu hivi, kati ya 2012 na 2013, nilipokuwa nalea mashine ya kliniki ya Kakuma. Ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko yote ya maisha yangu ya kazi, na mtu mwingine ndiye aliyelibeba.

Mimi ni Mtaita, na siku ya kwanza nilishuka Lodwar nimevaa sweta. Aliyenipokea alikuwa Mzee Ekai, fundi wa jenereta, Mturkana mrefu mkimya ambaye alikuwa amewaona wageni wengi wakija na wengi zaidi wakiondoka. Nilikuwa nimejifunza salamu moja njiani, nikamwambia, "Ejok." Akajibu, "Ejok," kisha akaitazama ile sweta kwa muda mrefu.

"Hiyo utanipea lini?" akauliza.

Nilimpa siku ya tatu. Aliitumia kufutia oili, na nadhani hakuna nguo yangu iliyowahi kufanya kazi ya maana kama ile.

Shirika letu lilikuwa dogo. Lilikuwa na ofisi Lodwar, na kliniki ya kifua kikuu Kakuma, kando ya kambi ya wakimbizi. Wagonjwa walitoka kambini na wengine walitembea na mifugo yao kutoka Lopur na kwingineko. Niliajiriwa kuondoa madaftari na kuweka kompyuta. Nilifanya hivyo kwa bidii ya mtu aliyetoka kwenye semina. Niliwaambia wauguzi waache hata kuandika kwenye kadi za wagonjwa, kwa sababu kuandika mahali pawili ni kujitafutia makosa. Wakafurahi sana. Sijawahi kutoa ushauri uliopokelewa haraka namna ile.

Sasa, kwa nyinyi mnaodhani kompyuta ni skrini: ndani yake kuna kitu kinachoitwa mfumo wa mafaili. Mchukulieni kama mtunza stoo. Ukimpa gunia, analiweka mahali, kisha anaandika kwenye orodha yake gunia liko rafu gani. Ukija kesho kuliulizia, haangalii rafu, anaangalia orodha. Kama hakuandika, atakuapia kwamba hujawahi kuleta gunia lolote, hata kama limemwegemea mgongoni.

Mtunza stoo niliyemchagua mimi alikuwa wa mfumo huria, unaotengenezwa na watu waliotawanyika duniani, wanaojuana kwa barua pepe na kutukanana kwa adabu. Yeyote anaweza kusoma jinsi ulivyoandikwa, na yeyote anaweza kutuma marekebisho. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewahi kutuma kiraka kimoja. Kilirekebisha koma kwenye maelezo. Kilipopokelewa nilitembea Lodwar nzima nikijiona mhandisi, na nilikuwa tayari kumweleza muuza samaki wa Lowarengak habari za koma yangu kama angesimama.

Kakuma, umeme wa kliniki ulikuwa wa jenereta, na Mzee Ekai ndiye aliyekuwa akienda kuusimamia, miezi mitatu huku, miezi mitatu kule. Kila siku saa saba mchana aliizima ipoe, maana kwa joto lile hata chuma huomba ruhusa. Kabla ya kuzima aligonga ukuta wa mabati wa kliniki kwa spana mara tatu. Huo ndio ulikuwa utaratibu. Ukisikia spana, una kama dakika mbili. Unamaliza unachoandika, unaizima mashine ipasavyo, Ekai anavuta wenzo, na kliniki inakuwa tanuri hadi saa tisa.

Niliandika maelekezo ya kuzima mashine, hatua saba, kwa Kiingereza cha ofisi, nikayabandika ukutani. Nilirudi Lodwar nimetosheka. Mkaguzi kutoka makao makuu alikuja kuangalia kazi ile, akaipa alama nzuri, ingawa ninavyojua mimi siku mbili kati ya tatu alikuwa Eliye Springs, ufukweni mwa ziwa, akikagua maji.

Mwaka uliofuata nilikuwa Kakuma kwa ziara ya kawaida. Ekai aligonga, akazima, na saa tisa alipowasha tena, mashine haikuamka. Ilianza kuniuliza maswali. Faili hili halina mwenyewe, niliondoe? Hesabu hii hailingani, niirekebishe? Bonyeza y kukubali. Nikabonyeza. Swali jingine. Nikabonyeza. Baada ya swali la sitini na kitu kidole kilichoka na akili ilikuwa imechoka kabla yake. Nikachukua stepla, nikailaza juu ya herufi y, nikaenda kunywa chai.

Naomba msome sentensi hiyo tena, kisha muende mkafiche stepla zote za ofisi.

Niliporudi, skrini ilisema kila kitu kimekamilika. Mashine iliwaka vizuri kabisa. Nikafungua mafaili ya wagonjwa, na arobaini na moja yalikuwa matupu. Majina yapo, ndani hamna hata herufi. Nikakimbilia flashi ya nakala rudufu. Ilikuwa na filamu nne za Kinaijeria na nakala ya miezi mitano nyuma, kwa sababu filamu ya nne ilimaliza nafasi na hakuna aliyeona haja ya kuniambia.

Daktari Barasa, mtu wa Bungoma aliyeiendesha kliniki ile, alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Wagonjwa arobaini kati ya wale, alisema, tutawapanga upya, wengi wao wanameza vidonge na vidonge vyenyewe vinahesabika. Shida yake ilikuwa mmoja.

"Mwalimu Santino," akasema. "Yule wa sindano."

Santino alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mtu wa makamo, mwalimu wa kwaya ya kanisa kambini. Hakuwa na kinanda. Alifundisha sauti nne kwa kuzitoa kichwani mwake, moja baada ya nyingine, na mwimbaji akiteleza safu ya tatu nyuma, alijua ni nani bila kugeuka. Kifua kikuu kilimrudia mara ya pili, na matibabu ya namna hiyo wakati ule yalikuwa na sindano sitini, kila siku moja, Jumapili zikiwemo. Dawa ile huponya, lakini ina tabia mbaya: hula masikio. Kadiri unavyozidisha, ndivyo unavyocheza na usikivu wa mtu. Ukipunguza, ugonjwa unarudi ukiwa sugu. Ndiyo maana hesabu yake ni kitu cha kushika kwa mikono miwili.

Kesho yake Santino alikuja wakati wake wa kawaida, dakika chache kabla ya saa saba, akitoka kufundisha. Daktari alimweleza. Rekodi imepotea. Anavyokumbuka, mashine ilikuwa imefika sindano ya hamsini na mbili, lakini kumbukumbu si rekodi, na pia kulikuwa na siku kumi na tano ambazo mashine ilimwandika Santino mtoro. Kwa mwongozo aliokuwa nao, matibabu yenye mapengo yasiyo na rekodi huanza upya. Moja hadi sitini.

Santino alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja ili asikie. Nililiona hilo, na sikulitilia maanani.

"Dokta, mimi sijakosa hata siku moja," akasema. "Nimewaambia mara mingi. Mimi nimemaliza zamani. Na sikio inalia, inalia kama kengele."

Akatoa daftari lake la nyimbo. Nyuma, kwenye ukurasa wa mwisho, alikuwa amechora noti ndogo ya muziki kwa kila sindano, nne nne kwa mistari. Zilikuwa sitini na saba.

Daktari akalitazama, akanitazama mimi. Hapa ndipo ningependa kuandika kwamba nilisema jambo la busara. Nilisema, "Mwalimu, kompyuta haina sababu ya kukusingizia. Kama ilionyesha pengo, ni kwamba siku hiyo haikuandikwa kitu."

"Basi muulize kompyuta nilikuwa wapi," akasema Santino, akafunga daftari.

Hakupaza sauti. Daktari alimpa siku tatu bila sindano, nami nikapewa siku hizo hizo tatu kutafuta rekodi. Baada ya hapo angeanza moja.

Jioni ile kabla ya jua kuzama niliwaandikia watengenezaji wa mfumo barua pepe ya hasira, kwa mtandao wa dishi uliokuwa unapumua kwa shida. Niliwaambia mfumo wao umekula wagonjwa arobaini na moja. Aliyejibu aliitwa Ilse, mama mmoja wa Ulaya ambaye sijawahi kumwona hadi leo. Hakunipa pole. Aliandika: zima mashine sasa hivi, usiandike kitu chochote tena kwenye hiyo diski, kisha niambie ulifanya nini, hatua kwa hatua, bila kujipamba.

Nikamweleza. Nilipofika kwenye stepla nilifikiria kuiita "zana ya kujibu maswali", lakini nikaiandika stepla. Akajibu kwamba katika miaka yake yote hii ni mara ya tatu kuisikia, na kwamba mmoja alitumia mkebe wa samaki. Sijui kama ilikuwa kweli. Ilinisaidia.

Kisha akanifundisha kitu ambacho nawaachia nyinyi kama urithi. Programu yetu ya kliniki, kila ulipohifadhi faili la mgonjwa, haikufuta la jana na kuandika juu yake. Iliandika nakala mpya mahali pengine, halafu mtunza stoo akahamisha jina kwenda kwenye nakala mpya. Zile nakala za zamani hazifutiki. Zinabaki rafuni bila jina hadi mtu aweke mzigo mwingine juu yake. "Orodha imekufa," aliandika Ilse. "Achana nayo. Nenda usome rafu."

Asubuhi nilipanda gari la ofisi kwenda Lodwar kwenye msafara wenye polisi, diski nimeipakata, imefungwa kwenye leso mbili. Kila shimo la barabara ile nililipokea kwa mapaja ili diski isilipokee. Ekai, ambaye zamu yake ya Kakuma ilikuwa imekwisha, aliketi mbele. Niliinakili diski nzima, kipande kwa kipande, kutoka mwanzo hadi mwisho, kazi ya siku nzima, kisha nikatafuta ndani ya nakala hiyo, si diski yenyewe, kwa namba ya mgonjwa ya Santino. Mkumbuke hilo: daima mnapasua nakala. Asili mnaiacha ilale.

Vipande vikaanza kutoka. Vingine vimekatika nusu, vingine vimechanganyika na dawa za mtu mwingine. Nilivichapa vyote, nikavitandaza sakafuni, nikaweka kokoto juu ya kila karatasi kwa sababu ya pangaboi, nikaanza kuvipanga kwa tarehe nikiwa nimepiga magoti.

Ilikwenda vizuri hadi sindano ya thelathini na moja. Nilikuwa nayo Jumanne. Nilikuwa nayo pia Jumatano.

Nilidhani nimechapa mara mbili. Nikaangalia tena. Karatasi mbili tofauti, tarehe mbili tofauti, zote zinasema sindano ya thelathini na moja imetolewa. Karatasi ya Jumatano haikuwa na habari yoyote ya Jumanne. Iliionyesha Jumanne kama pengo. Nikaendelea. Thelathini na nane, mara mbili. Arobaini na moja, mara tatu, siku tatu mfululizo. Mtu huyu alikuwa amefika kliniki siku tatu, amedungwa siku tatu, na kila kesho yake mashine ilikuwa imesahau na kumwandika mtoro.

Nilihesabu tarehe. Zilikuwa sitini na saba, hakuna hata siku moja iliyorukwa. Nilikaa sakafuni kati ya karatasi zile, na nikalia. Sikulia kwa furaha ya kupata rekodi. Nililia kwa sababu ya ile sentensi yangu kwamba kompyuta haina sababu ya kumsingizia.

Nilichokuwa sielewi ni kwa nini yeye. Nikatoka nje kumtafuta Ekai, nikamuuliza kama kuna siku aliwahi kuzima bila kugonga.

"Mimi nagonga," akasema. "Mara tatu. Kila siku."

"Na wakisikia wanafanya nini?"

"Wanakimbia. Wanaandika mbio mbio ile ya mgonjwa wa mwisho, halafu wanazima televisheni."

"Televisheni gani?"

"Hiyo ya kompyuta. Ile sanduku yenyewe taa yake ya kijani inabaki inawaka. Mimi naiona kwa dirisha nikivuta."

Walikuwa wanazima skrini. Hatua zangu saba za Kiingereza zilisomwa mpaka neno la kuzima, na kitu chenye kitufe kikubwa kilikuwa skrini. Kwa miezi mingi Ekai alikuwa anakata umeme mashine ikiwa macho, katikati ya kazi, sekunde chache baada ya rekodi ya mgonjwa wa mwisho. Na mgonjwa wa mwisho, aliyetoka kufundisha kwaya na kuingia kabla tu ya saa saba, alikuwa Santino.

"Mzee, mbona hukuniambia?"

"Wewe hukuuliza. Uliniambia kazi yangu ni kugonga."

Nilikuwa nimemwambia hivyo hivyo. Tena mbele ya watu.

Siku ya tatu nilikuwa Kakuma na karatasi zangu. Daktari Barasa alizisoma zote, akarudi kwenye zile mbili za thelathini na moja, akaziweka moja juu ya nyingine kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akamwita Santino, akamwambia kwamba sindano zimekwisha, kwamba zilikwisha siku saba kabla ya kusimamishwa, na kwamba yeye binafsi anaomba msamaha kwa kumwita mtoro. Nami niliomba wa kwangu. Santino alipeana mikono na sisi wote wawili na kuuliza kama sasa anaweza kwenda, kwa sababu waimbaji walikuwa wanamngoja.

Alipimwa masikio baadaye. La kushoto lilikuwa limepungua kidogo. La kulia lilikuwa karibu limekwenda lote. Daktari alisema hakuna anayeweza kuapa kwamba ni zile sindano saba za ziada, maana dawa ile huwaharibu hata waliodungwa sawasawa. Alisema hivyo kwa wema. Mimi nilijua kwamba kengele ilianza kulia wiki ile ya mwisho, kwa sababu Santino mwenyewe aliiambia kliniki, na kliniki ilimwambia bado chache tu, avumilie.

Ilse alitaka kuuona ugonjwa wa mfumo kwa macho yake. Huko kwao, alisema, kukatika kwa umeme huwa wanakuigiza kwa programu maalumu, na uigizaji wao haujawahi kutoa kitu kama hiki. Nikamjibu kwamba sisi hatuigizi. Tulitega mashine ya akiba Lodwar, na kwa siku mbili Mzee Ekai akaketi kando ya wenzo akiwa ameshika kikombe, akisubiri nimwambie kata. Sijapata kumwona akiwa na furaha vile. Jioni ya pili tulikuwa na ushahidi: chini ya haraka fulani, mtunza stoo alipokea gunia, akaliweka rafuni, akasema tayari, na orodha akaiahirisha kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa akidai. Skrini ilikuwa kosa letu. Hilo la orodha lilikuwa la kwao, na Ilse alikiri kwenye orodha ya barua pepe mbele ya wote, jambo ambalo wanaume wengi wa pale hawakuwahi kulifanya.

Marekebisho yalikuwa mistari tisa. Mitatu ilikuwa yangu, na safari hii haikuwa koma. Ilibaki kujaza taarifa rasmi ya hitilafu, ile inayosomwa na kila atakayegusa sehemu hiyo baadaye. Ina nafasi nyingi za kujaza, na moja huuliza athari. Watu huandika pale "mafaili kupotea" au "mashine kuganda". Niliandika "kupotea kwa data", nikaliangalia neno hilo kwa muda, nikaona aibu. Nikafuta, nikachukua kompyuta ndogo, nikangojea msafara wa kwenda Kakuma.

Nilimkuta Santino nje ya kanisa, kwenye benchi, akipanga karatasi za nyimbo. Nilikaa upande wake wa kulia. Akahama, akakaa upande wangu mwingine, bila kusema kwa nini. Nikamweleza kwamba kuna watu mbali wanaotengeneza mfumo ule wa kompyuta, kwamba wanauliza madhara yake, na kwamba sitaandika lolote juu yake bila ruhusa. Nikamsomea nilichokuwa nimeandika, nikikitafsiri: mgonjwa mmoja, Kakuma, amepoteza usikivu wake.

Akaweka karatasi za nyimbo kando.

"Hapana," akasema. "Usiseme usikivu. Hiyo ni kama yote imeisha. Andika sikio ya kulia."

Nikafuta. Nikaandika: mtu mmoja, Kakuma, sikio la kulia.

"Na jina?" nikauliza.

"Jina acha. Hao wakitaka kujua, waje Jumapili waimbe vibaya."